Watumwa waliotoroka Mauritius na Marekani: akiolojia imekuta nini cha kushikika?

Mwalimu wa Kilwa

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari, huku Kilwa. Kidato cha tatu tumefika kwenye biashara ya utumwa, na kila mwaka tukifika hapo huwasomea mkataba wa 1776, ule ambao Sultani Hassan wa Kilwa alimwahidi Mfaransa Morice watumwa 1,000 kila mwaka, kila kichwa piasta 20, na sultani apewe zawadi ya piasta 2 kwa kila kichwa. Darasa huwa linanyamaza, maana ni hapa hapa kwetu. Safari hii binti mmoja akanyoosha mkono: "Madam, sasa hao wakifika huko walikokuwa wanapelekwa, walikubali tu?"

Nikamwambia hapana, wengi walitoroka, wakajificha misituni na milimani. Akauliza nimejuaje. Swali halali kabisa, ila vitabu tulivyo navyo havinisaidii. Humo mtu akishapandishwa merikebuni anapotea, tunakuja kumkuta tena siku anayoachiwa huru, na anayemwachia ni Mwingereza.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Kuna kitu kilichochimbwa ardhini kinachoonyesha maisha ya hao watoro, au ni masimulizi peke yake? Na je, kuna vitu vya kwetu vilivyokutwa huko, vyungu, shanga, ngoma, vinyago, chochote ninachoweza kuwaonyesha watoto kwenye picha nikawaambia "hiki kilitoka huku"?

Naomba kuwasilisha.

---

Kijana wa Mbagala

Madam, mtu amejificha asionekane na mbwa wala askari, leo miaka mia mbili na zaidi umtafute kwa kijiko cha kuchimbia? Kama alijificha vizuri hakuna kitu. Kama kuna kitu, basi alikamatwa. Naweka kambi hapa nione majibu.

---

Fundi Chekeche

Mwalimu, pole na kazi. Mimi nimeshika mwiko na chekeche miaka mingi kwenye machimbo ya akiolojia ya pwani hii, sasa nimestaafu, nasoma yale niliyokosa nafasi ya kuyasoma. Nitaandika kirefu, atakayechoka aruke.

Nianze na kijana wa Mbagala, maana amegusa penyewe. Huko Mauritius chini ya Wafaransa, sheria ya 1723 ilisema mtumwa akitoroka mwezi mzima akatwe masikio na apigwe chapa ya ua la yungiyungi begani. Akirudia, akatwe mshipa wa nyuma ya goti na apigwe chapa bega la pili. Mara ya tatu, auawe. Mtu anayewindwa na sheria hiyo hakoki moto wa kuonekana mbali, wala hajengi nyumba ya mawe. Kwa hiyo ukikuta pangoni jivu kidogo na mifupa miwili mitatu ya mnyama, usilalamike kwamba ushahidi ni haba. Ndivyo mtoro anavyoishi. Tabu yetu tumezoea Kilwa Kisiwani, msikiti na kasri, tukidhani pasipo ukuta hapakuwa na watu.

Ila hapa kijana kakosea: kujificha na kutoacha kitu ni mambo mawili. Nenda Marekani kwanza, Mauritius nitarudi.

Mpakani mwa Virginia na North Carolina kuna kinamasi kikubwa mno, Great Dismal Swamp. Tangu miaka ya 1600 hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu waliotoroka mashamba walikuwa wakiishi ndani yake, wengine miaka na miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanaakiolojia Daniel Sayers aliingia huko na wenzake, wakakuta ndani kabisa kuna vilima vikavu, kimoja kina ukubwa wa eka 20 hivi. Wakachimba.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya niweke kitabu chini. Katikati ya kinamasi kile hakuna jiwe la asili. Ni udongo mweusi wa majani yaliyooza, na vilimani ni mchanga. Kwa hiyo ukichekecha, likabaki jiwe dogo kuliko ukucha, jiwe hilo limebebwa na mtu. Kwetu sisi wachimbaji hiyo ni bahati isiyo na mfano! Pwani hapa unachekecha ndoo nzima ya changarawe huku unajiuliza lipi la Mungu na lipi la binadamu. Mle hakuna swali hilo. Linalobaki ni nani alilibeba na lini. Mawe mengi yalipelekwa na wenyeji wa asili wa Marekani, zamani sana kabla ya Mzungu, wakayaacha. Watoro walipofika, wakayaokota, wakayagonga upya yapate makali. Jiwe la kale la mkuki au mshale likawa kisu cha mtu aliyetoka shambani bila chochote mkononi.

Pamoja na mawe hayo kulikutwa vipande vya viko vya udongo, gololi za risasi, vijipande vya gumegume za bunduki (jiwe la kutoa cheche ya kuwasha baruti) na vya kioo. Vidogo vidogo vyote. Na madoa ya nguzo.

Doa la nguzo niruhusuni nilieleze, maana ndilo linaloonyesha nyumba, na wengi hawajawahi kuliona. Mtu akichimbia nguzo, miaka ikapita, ule mti unaoza na udongo wa juu unashuka kujaza tundu. Udongo ule una rangi tofauti kidogo na ulio kando yake. Wewe unakuja na mwiko ulionolewa ukakatika kama wembe, unakwangua sakafu ya shimo polepole, unanyunyiza maji kidogo, na hapo linajitokeza duara jeusi la upana wa kiganja. Inabidi ulizungushie alama upesi, kwa sababu jua likilipiga dakika chache tu halionekani tena na msimamizi wako atakuona mwongo. Ukipata duara la pili, la tatu, yamekaa kwenye mstari, hapo umeshapata ukuta. Mle kinamasini walipata alama za vibanda namna hiyo hiyo. Mtu asiyetaka kuonekana alijenga kibanda, akalala ndani yake, akavuta kiko chake jioni.

Sasa swali lako la pili, mwalimu. Hapo sitakubaliana na wewe. Usitafute vinyago.

Mtu wa bara ya Kilwa hakupanda merikebu ya Mfaransa na chungu cha mama yake. Alipanda akiwa hana kitu, mara nyingi hata nguo hana. Alipotoroka alitumia kilichopatikana pale: cha mwenyeji wa asili, cha kuiba kwa bwana, cha kubadilishana kwa siri. Nenda Brazil, mlima wa Serra da Barriga, walikoishi watoro wa Palmares karibu karne nzima mpaka Wareno walipouteka, na kiongozi wao Zumbi akauawa tarehe 20 Novemba 1695. Walichimba pale miaka ya 1990. Vigae vingi vya vyungu vilivyotoka vinafanana na vya wenyeji wa asili wa Brazil, na wataalamu hadi leo wanabishana vipi ni vya watoro na vipi viliwatangulia. Jamaika, Mghana Kofi Agorsah alichimba Nanny Town, ngome ya watoro iliyo juu milimani, na humo pia kuna sarafu za Kihispania na viko vya Kizungu. Ukimwendea mtu huyu na kipimo cha "kitu cha Kiafrika kiko wapi," utamkuta maskini wa utamaduni, na utakuwa umemdhulumu mara ya pili.

---

Kijana wa Mbagala

Mzee wangu shikamoo, nakuheshimu. Lakini hapo umenichanganya. Yaani viko vya Mzungu na sarafu za Mzungu ndio ushahidi wa kumpinga Mzungu?

---

Fundi Chekeche

Marahaba. Ndiyo, ndio ushahidi wenyewe.

Risasi haioti kwenye kinamasi. Ikikutwa kule ndani, maana yake kuna mtu alitoka usiku akaenda mpaka penye watu, au kuna mtu wa huko mashambani alimletea. Hilo ndilo mimi nashikilia baada ya kusoma yote haya: watoro hawakuwa watu wa porini waliosahaulika na dunia. Walikuwa na ndugu, wachumba na wateja kule kule utumwani. Mfereji wa Dismal ulianza kuchimbwa 1793, ukafunguliwa 1805, na waliouchimba ni watumwa. Baada ya hapo makampuni ya mbao yakaingia na watumwa wa kukata vigae vya mbao vya kuezekea. Mtoro anakata vigae, mtumwa wa kampuni anavipeleka kwenye hesabu yake, na mtoro analipwa chakula na nguo. Hii imeandikwa na watu wa wakati huo. Ardhini nako inaonekana: tabaka za nyuma vitu vya dukani ni vichache mno, tabaka za baada ya mfereji vinaongezeka.

Sasa wewe niambie, mtumwa anayemficha mtoro kwa kumbebea mzigo wake, naye hajapinga?

---

Msafiri wa Norfolk

Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni mtu wa Tanga, naendesha lori huku Virginia, na hicho kinamasi nakipita pembeni kila wiki. Siku moja ya mapumziko nikaingia na wanangu. Leo ni hifadhi ya serikali, wameweka njia ya mbao na kibanda chenye maelezo ya watoro. Walikochimba kina Sayers hupelekwi.

Niseme nilichoona. Maji ya lile ziwa la katikati, Lake Drummond, ni ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kwa sababu ya magome na mizizi ya miti. Wanasema mabaharia wa zamani waliyapenda kwa safari maana hayaharibiki upesi. Mbu na mainzi wanaong'ata, sina la kusema, mwanangu wa mwisho alilia tukarudi kabla ya saa sita. Dubu wapo, nyoka wapo. Na leo kimekaushwa, kilichobaki ni sehemu ndogo tu ya kile cha zamani. George Washington mwenyewe alikuwa na hisa kwenye kampuni iliyoundwa 1763 kwa ajili ya kukikausha wapate mashamba na mbao.

Niliwaza, huko shambani kulikuwaje mpaka mtu achague hapa.

---

Mwana wa Sabaki

Naona tumefika Virginia kabla hatujafika Malindi. Watoro wa pwani ya Kenya mbona hamuwataji? Fuladoyo hamuijui? Watu walitoroka mashamba ya Malindi na Takaungu, wakaanzisha vijiji vyao huko bara. Mabwana zao walikuwa watu wa pwani, Waswahili na Waarabu, labda ndiyo maana hatupendi kuzungumza.

---

Fundi Chekeche

Mwana wa Sabaki, una haki ya kununa. Fuladoyo ilianzishwa na Wagiriama Wakristo, watoro wakajaa, na 1883 kiongozi wao David Koi akauawa. Vijiji vya watoro vya huko vimechimbwa pia: mwanaakiolojia Lydia Wilson Marshall alifanya kazi Koromio na Makoroboi. Alichokuwa anauliza ndicho tunachouliza hapa, watu wa makabila tofauti waliokutanishwa na kutoroka wanakuwaje kijiji kimoja. Anaangalia nyumba zimekaa vipi, vyungu vimepambwa vipi. Ila mwalimu kauliza waliovushwa bahari, na ukianza uzi wa Fuladoyo nitakuja.

Nirudi Mauritius kama nilivyoahidi, kwa sababu mkataba wa Kilwa unaelekea huko.

Kwanza, kutoroka kulianza kabla ya Morice kuzaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1640 Waholanzi walileta kisiwani Wamalagasi 105. Katika majuma ya mwanzo 52 waliingia msituni, na waliorudishwa walikuwa 18 tu. Halafu Juni 1695 watumwa watano waliichoma moto ngome ya Waholanzi, Frederik Hendrik, wakitaka kisiwa kiwe chao. Majina yao yapo: Aaron wa Ambon, Antoni, Paul wa Batavia, Anna wa Bengal, na Esperance. Soma majina hayo na darasa lako taratibu. Wametoka Bahari ya Hindi yote! Magofu ya ngome hiyo yalichimbwa na watu wa Chuo Kikuu cha Amsterdam kuanzia 1997.

Pili, Le Morne. Mlima umesimama kusini-magharibi, pande zake zimekatika wima, kupanda ni kwa mahali pachache. Watoro walikaa huko karne ya 18 na mwanzo wa ile ya 19. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Masimulizi ya kisiwani yanasema askari walipopanda kuwaambia utumwa umekwisha, watu walidhani wanakuja kukamatwa, wakajirusha. Utumwa ulikomeshwa huko tarehe 1 Februari 1835, na mpaka leo ni sikukuu. Masimulizi hayo wafundishe kama masimulizi, yana uzito wake. Ila yasiwe somo lote, maana watoto watabaki na picha ya watu wanaojua kufa tu.

Wafundishe makaburi. Chini ya mlima kuna makaburi ya zamani yaliyochimbwa na timu ya mwanaakiolojia Krish Seetah kuanzia 2010. Wamekutwa watu wa karne ya 19 waliozikwa kwa jeneza, wengine wamewekewa viko, chupa, sarafu. Vipimo vya vinasaba vimeelekeza Msumbiji na Madagaska. Mimi nimefukua makaburi, nakwambia kaburi linasema mengi kuhusu walio hai: kuna waliopata mbao, kuna aliyekuwa na misumari, kuna waliopata siku ya kuchimba bila kuamrishwa na bwana, na kuna aliyeona marehemu asiende bila kiko chake. Kiko ni cha kiwanda cha Ulaya. Uamuzi wa kukiweka pale ni wa nani?

Hiyo picha ndiyo uwaonyeshe, mwalimu, ukikosa kinyago.

---

Kijana wa Mbagala

Hapo kwenye kiko nimekuelewa mzee.

---

Mwalimu wa Kilwa

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Nimechapa majibu yako yote nikayabandika ofisini. Kaka wa Norfolk asante, hayo maji nitayasimulia.

Nimetafuta zaidi nikakutana na Fort Mose, Florida, wanasema ni mji wa kwanza wa Waafrika huru katika nchi ambayo leo ni Marekani. Nimeona hesabu ya 1759: watu 67, wanaume 37, wanawake 15, waliobaki ni watoto. Swali langu ni la kike. Wanaume zaidi ya mara mbili ya wanawake, sasa familia walizipataje? Na akiolojia inasema lolote juu yao, au ni askari tu na bunduki zao?

---

Fundi Chekeche

Marahaba mwalimu. Hapa mwiko peke yake hautoshi, karatasi lazima ziingie.

Mose ilikuwa kaskazini kidogo ya St. Augustine. Mfalme wa Hispania alitoa amri 1693 kwamba watoro kutoka makoloni ya Waingereza wakiingia Ukatoliki wapewe uhuru. Hakuwa mwema kuliko wengine, alitaka kumdhoofisha Mwingereza na kupata walinzi wa mpaka. Mwaka 1738 gavana akawapa watoro mji wao wenye ngome, kapteni wao Francisco Menéndez, Mmandinka wa Afrika Magharibi. Mwaka 1740 Waingereza wakauteka, kisha Wahispania wakawashambulia humo humo alfajiri, wakapoteza watu wengi, na hao watu wa Mose waliofukuzwa kwao walikuwemo kwenye shambulio. Mji ukajengwa upya 1752. Mwaka 1763 Hispania ilipomwachia Mwingereza Florida, wakazi wa Mose wakapanda meli kwenda Cuba. Menéndez mwenyewe katikati hapo alikamatwa baharini na Waingereza, akachapwa viboko, akauzwa tena utumwani, na bado tunamkuta baadaye Mose akiwa kapteni.

Mwanaakiolojia Kathleen Deagan alipachimba 1986 hadi 1988. Ngome ya kwanza imemezwa na maji ya kinamasi, waliyoipata ni ya pili: handaki, kuta za udongo, alama za majengo. Bunduki zipo kweli, risasi na gumegume. Lakini zipo pia shanga, vifungo, sindano, na mifupa mingi ya samaki wa maji ya karibu. Na kuna medali ndogo ya Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa wasafiri, ambayo imetengenezwa kwa mkono.

Wanawake utawapata kwenye daftari za parokia ya St. Augustine, alizozipekua mwanahistoria Jane Landers aliyefanya kazi pamoja na Deagan. Ubatizo, ndoa, wasimamizi wa ubatizo. Wanaume wa Mose walioa wanawake wenyeji wa asili kutoka vijiji vya misheni vilivyokuwa jirani, na wengine wake zao walikuwa bado watumwa mjini St. Augustine. Kwa hiyo 15 ile ni ya waliolala Mose siku ya kuhesabiwa. Mtu anaweza kuhesabiwa Mose peke yake, mkewe yuko mjini kwa bwana, na Jumapili wanakutana kanisani. Daftari hizo zimehifadhiwa, na nyingi zimepigwa picha ziko mtandaoni. Kihispania chake cha zamani kinasumbua, lakini majina yanasomeka, na kando ya majina padri aliandika taifa la mtu: Kongo, Mandinga, Karabali. Anza na hizo ukiwa na wanafunzi wanaopenda kupekua.